Mama Kengele Alivyonunua Sauti

Mama Kengele hakuvumilia uongo, hata wa kitu kisicho na roho. Mizani ya dukani ikipunja, aliisema mbele ya wateja kama anavyosemwa mwizi. Bomba likitoa upepo badala ya maji, alilifunga na kuliambia kwamba kama halina kitu linyamaze. Jina lake lilitoka shuleni, ambako alipiga kengele na kulinda lango tangu akiwa msichana mpaka alipostaafu kichwa kikiwa cheupe. Shule ilipofunga kengele ya umeme, ile ya mkono, ya shaba, alipewa aende nayo nyumbani. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, na kila Jumapili aliisugua kwa majivu na ndimu.

Siku hizi mtu wa namna hiyo huitwa mgumu. Na aitwe hivyo. Nyumba isiyo na mtu mgumu hata mmoja huendeshwa na yeyote anayepita barabarani.

Mumewe alikuwa dalali, na watu walimwita hivyo hivyo, Dalali. Kila Jumamosi alisimama kwenye uwanja wa mnada akiuza samani na vyombo vilivyotumika: makabati, majokofu, vitanda vya chuma, viti vya ofisi zilizofungwa. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na maneno ya kuchekesha, lakini hakudanganya. Kabati lenye mguu mbovu alilitangaza hivi: "Huyu bwana anachechemea, lakini nguo zako hatatembea nazo!" Watu walicheka, wakanunua wakijua wananunua nini. Ndiyo maana Mama Kengele alikubali kuolewa naye, ingawa alikuwa na kelele.

Simu ya kisasa waliletewa na binti yao, muuguzi katika mji mwingine. Asubuhi ya kwanza Mama Kengele aliiwasha, akatazama juu ya kioo, akakuta imeandika 8:00. Jua lilikuwa la saa mbili.

"Baba nanihii, hii simu ni mwongo."

Dalali, enzi hizo bado ana sauti, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mke wangu, hata saa yako ya ukutani mshale uko kwenye nane. Sote tunasoma upande wa pili. Mbona hiyo huigombezi?"

"Mshale unaonyesha tu. Anayesema saa ni mimi. Hii imeandika nane, wazi wazi, bila haya."

Akaingia kwenye mipangilio ya simu, akapekua kama anapekua begi la mwanafunzi, mpaka akafika mahali ambapo simu hujichukulia saa kutoka kwenye mtandao. Akapafunga. Kisha akaandika mwenyewe: mbili kamili. Tangu siku hiyo simu ya nyumba ile ilisema saa kama watu wanavyoisema, na Mama Kengele akaiheshimu.

Ugonjwa ulikuja baadaye. Dalali aliota uvimbe kooni, madaktari wakaukata, na pamoja nao wakaondoa kile kinachotoa sauti. Alirudi nyumbani na kitambaa shingoni, mzima, mwenye nguvu, asiye na neno. Mkewe akamtafutia ubao mdogo wa chaki, akawa anaandika. Maji. Asante. Mbona chumvi nyingi. Mtu aliyezoea kuongea na umati wa watu akawa anaongea na kitambaa cha kufutia.

Alipopona kabisa walikwenda pamoja kumwona bosi wa mnada. Bosi alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Aliwapa viti, yeye akabaki amesimama.

"Dalali, mimi nakupenda. Lakini upendo hauuzi majokofu. Kipaza sauti sasa hivi anashika mpwa wangu."

"Mpwa wako anajua kuuza?" Mama Kengele aliuliza.

"Anajua kupiga kelele."

"Basi mpe kazi ya king'ora."

Bosi akacheka kwa kulazimika. Dalali aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: NIPE JUMAMOSI MOJA. Bosi akausoma ule ubao, akamtazama yule mzee aliyemjazia uwanja kwa miaka yote hiyo, akaona haya kidogo.

"Haya. Jumamosi hii. Watu wakikuelewa na mali ikauzika, nafasi ni yako. Wasipokuelewa, mzee wangu, tuagane kwa amani."

Jioni binti yao alipiga simu, akasikiliza habari yote kutoka kwa mama yake, kisha akasema wodini kwao wagonjwa wa koo hutumia programu ya simu: unaandika, simu inasema. Akaeleza namna ya kuitafuta. Waliipata, ikashuka kwenye simu bila shida, Dalali akavaa miwani na kuandika kwa kidole kimoja huku mkewe akichungulia begani.

Simu ikasema, kwa sauti ya mwanamke mpole kama wa mapokezi ya benki: "Mke wangu, chai ya leo imekosa sukari na mimi sijakosa—"

Ikanyamaza. Kioo kikaandika kwamba toleo la bure linasema maneno kumi tu kwa wakati mmoja, na anayetaka zaidi anunue toleo kamili.

Lakini walikuwa wamesikia. Dalali alikaa ameshika simu kwa mikono miwili. Mama Kengele alikwenda jikoni akachukua bakuli la sukari, akaliweka mezani kwa kishindo, ili asije akalia.

Wakabonyeza pa kununua. Mama Kengele akaweka namba ya siri ya malipo, simu ikafikiri, kisha ikaandika: Malipo yameshindikana. Jaribu tena baadaye.

Wakajaribu tena. Yakashindikana tena.

Kesho yake binti alikuwa na siku ya mapumziko, akawaongoza kwa simu ya jirani.

"Mama, izime, halafu iwashe."

"Nimeizima. Nimeiwasha."

"Bando lipo?"

"Lipo. Nimeona mpaka picha za harusi ya watu nisiowajua."

"Hela kwenye akaunti inatosha?"

"Mwanangu, unaniuliza mimi kama nimekwenda dukani mikono mitupu?"

"Sawa, mama, sawa. Toka kwenye akaunti ya duka la programu, halafu ingia upya. Neno la siri unalikumbuka?"

"Ni lile la siku zote."

"Usiniambie!"

"Sikwambii. Na jirani amesimama hapa masikio wima."

Jirani akajidai anaanika nguo. Mama Kengele akatoka kwenye akaunti, akaingia upya, akanunua. Yakashindikana. Kila mara hela ilikatwa na kurudishwa hapo hapo, kama mgeni anayefika mlangoni na kukumbuka kwamba ana safari nyingine. Binti alisema mwisho wa ujuzi wake umefika, wampelekee fundi.

Fundi simu wa mtaa aliitwa Spea, kwa kuwa kila ugonjwa wa simu dawa yake kwake ilikuwa kuuza kifaa kipya. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, taa yenye shingo ndefu, na simu zilizofunguliwa matumbo. Lakini siku hiyo alifanya kazi kwa haki. Alisasisha simu, akafuta takataka za duka la programu, akaiondoa ile programu na kuirudisha. Katika kuirudisha, maneno yote ya mnada ambayo Dalali alikuwa ameyaandika tayari yakafutika. Dalali alifumba macho tu. Spea akajaribu kununua kitu kidogo kwenye simu yake mwenyewe, kikakubali papo hapo.

"Basi duka halina tatizo. Tatizo ni hii simu yenu, mzee. Imechoka. Ninayo nyingine hapa, safi kabisa—"

"Simu haijachoka," alisema Mama Kengele. "Umechoka wewe."

Spea akacheka, akainama mezani, akapunguza sauti. "Mama, kwa nini tuhangaike? Kuna ile ya mlango wa nyuma. Watu wameivunja, inasema maneno yote, hulipi kitu. Nakuwekea sasa hivi, mzee anatoka hapa anahutubia."

Kujaribiwa kwa kweli ndiko huku. Haji mtu mwenye pembe. Anakuja fundi mchangamfu, anayekuonea huruma, siku ambayo umeishiwa njia. Jumamosi ilikuwa imekaribia, na kazi ya mumewe ilikuwa imelala pale juu ya meza. Mama Kengele alimgeukia mumewe, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mumewe.

Dalali akachukua ubao. Aliandika taratibu, chaki ikalia: SIJAWAHI KUUZA MALI YA WIZI. SITAIUZA KWA SAUTI YA WIZI.

Spea alisoma, akakuna kichwa. "Mzee, umenipiga kofi na mkono hujainua." Hakutaka malipo ya kazi ile. Mama Kengele akamwachia hata hivyo juu ya meza, kwa sababu alikuwa amefanya kazi.

Ijumaa asubuhi Dalali aliamka akavaa shati lake la mnada, lile la mistari, akalivua tena na kulitundika. Mkewe alimwona. Alichukua simu, akakaa chini ya saa ya ukutani, akanunua kwa mara nyingine, si kwa matumaini, ila kwa ukaidi.

Jumbe mbili ziliingia zikifuatana kama ilivyokuwa siku zote. Siku zote alikuwa akiruka moja kwa moja kwenye ule wa pili, wa kusema malipo yamerudishwa, ili apate kukasirika. Leo hasira zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo akasoma wa kwanza, neno kwa neno, kama alivyokuwa akisoma vyeti vya ruhusa langoni. Kampuni ya malipo ilisema imepokea hela yake, na ikaandika saa: 10:20.

Akatazama juu ya kioo cha simu. 4:20.

Akatazama ukutani. Mshale mdogo ulikuwa umepita kumi kidogo, naye akasoma kama kawaida yake: saa nne na dakika ishirini.

La kwanza lililomjia ni kwamba hata kampuni ya malipo ni waongo. La pili lilikuja polepole, nalo lilitoka langoni. Mwanafunzi akirudi nyumbani mapema, ilikuwa lazima aonyeshe cheti chenye saa aliyoruhusiwa na mwalimu. Kulikuwa na wajanja waliojiandikia wenyewe. Anakuja mtoto saa nne, cheti chake kinasema ameruhusiwa saa kumi. Mama Kengele alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anasema: "Saa yenyewe haijafika, wewe umeipata wapi?" Na mtoto anarudi darasani.

Akaitazama simu iliyokuwa mapajani mwake.

"Baba nanihii," aliita. "Njoo. Hii simu inalinda lango."

Dalali alikuja na mswaki mdomoni.

"Inaletewa cheti cha saa kumi na yenyewe inajua ni saa nne. Inasema saa haijafika, inamrudisha. Inafanya kama nilivyokuwa nafanya mimi, na haki iko upande wake." Lililofuata lilimtoka kwa shida. "Ni mimi niliyeipa saa hiyo. Kule dukani wote wanahesabu kwa saa ya mtandao. Mimi niliifunga mdomo, na wewe ukafungwa mdomo pamoja nayo."

Mkaidi wa kawaida angeishia kutafuta wa kumlaumu, na wa kulaumiwa walikuwepo tele: fundi, kampuni, binti aliyeleta simu. Mama Kengele alichukia uongo, na mtu anayechukia uongo kwa dhati hawezi kuubakishia nafasi hata kwenye kiti chake mwenyewe. Aliingia kwenye mipangilio, akafika pale alipopafunga zamani, akapafungua. Juu ya kioo 4:26 ikaruka ikawa 10:26. Akaitazama bila kupepesa.

"Haya. Sema hivyo unavyosema. Nitasoma upande wa pili, kama wa ukutani."

Akabonyeza kununua. Akaweka namba ya siri. Simu ikafikiri.

Asante kwa kununua.

Dalali aliutoa mswaki mdomoni, akaandika na povu likimdondokea kidevuni, na yule mwanamke mpole wa benki akasema, bila kukatika hata pa kuvuta pumzi: "Mke wangu, tangu nikuoe leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukisema umekosea, na ningekuwa na sauti ningepiga yowe mtaa mzima usikie, lakini kwa kuwa sasa ninayo, tafadhali nipishe mlangoni!"

"Kanawe mdomo kwanza," alisema Mama Kengele, akageukia ukutani.

Siku ile nzima waliandika maneno ya mnada upya, yeye akisoma, mumewe akibonyeza.

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko kawaida. Habari ilikuwa imetangulia. Majokofu yalipangwa upande mmoja kama watu waliopanga foleni, vitanda vimelazwa vimeegemezana. Simu ilikuwa imeunganishwa na spika. Mpwa wa bosi alisimama pembeni na kipaza sauti chake, tayari. Dalali akapanda kwenye jukwaa na shati la mistari, akabonyeza.

"Karibuni," ilisema ile sauti laini. "Mimi ni yule yule. Sauti imebadilika, ukali haujapungua."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko.

"Hujambo, dada!" mmoja akapiga kelele.

"Dalali kaoa simu!"

"Mama Kengele, umeletewa mke mwenza, pole!"

"Anajua kufua?" Mama Kengele akajibu kutoka mstari wa mbele, wakacheka zaidi.

Jokofu la kwanza likaingia. Dalali akabonyeza: "Mlango wake unafunga vizuri, taa ya ndani imekufa, chakula hakihitaji kusoma usiku." Watu wakashangilia, walikuwa wanamtambua. Bei ikaanza kupanda. Lakini wanunuzi wawili wakashindana, kila mmoja akidai kwamba alitangulia, na wengine wakaingilia, na ile sauti ya benki ikasema kwa adabu, "Tafadhali, mmoja mmoja," na hakuna aliyeisikia. Dalali akabonyeza tena. Kelele zikaimeza. Alipanua mdomo kwa mazoea, hakikutoka kitu. Bosi akatazama chini. Mpwa wake akapiga hatua kuelekea jukwaani.

Ndipo kengele ilipolia.

Mama Kengele alikuwa amekuja nayo mkobani, hakumwambia mtu. Aliipiga kama alivyokuwa akiipiga mwisho wa mapumziko, mapigo mazito, yasiyo na haraka. Uwanja mzima ukanyamaza. Nusu ya watu wale walikuwa wamepita mikononi mwake, na miguu yao ilikumbuka kabla ya vichwa. Mwanamume mwenye kitambi na ndevu alitoa mikono mfukoni. Mmoja wa wale wawili waliokuwa wanagombana alijikuta amesimama kwenye mstari, na nyuma yake mstari umeanza.

"Wewe," alisema Mama Kengele akimnyooshea kidole. "Ulitangulia?"

"Hapana, mwalimu. Yule."

"Mimi si mwalimu. Sema na Dalali."

Akampa mumewe ile kengele.

Kuanzia hapo mnada ulikwenda kama haujawahi kwenda. Simu ilisema maneno, kengele ilisema basi. Mkono wa kushoto ulibonyeza, wa kulia ukapiga pigo moja kila mali ilipopata mwenyewe, na hakuna aliyebisha na pigo lile. Vitanda vikaondoka, makabati yakaondoka, viti vya ofisi vikaondoka vyote pamoja na kile kisichozunguka, ambacho Dalali alikitangaza kuwa kinamfaa mtu mwenye msimamo. Spea alikuwepo, akanunua meza. Mama Kengele alimweleza habari ya saa, naye akajipiga paji la uso.

"Nilitazama kila mahali, mama, isipokuwa pale juu!"

Mali ya mwisho ilikuwa saa kubwa ya ukutani. Mnunuzi mmoja akauliza kutoka nyuma, "Inasema kweli hiyo?"

Dalali aliandika papo hapo, watu wakisubiri kimya, wote, mpaka bosi. Kisha spika ikajibu: "Mshale unaonyesha tu. Anayesema saa ni mke wangu."

Kicheko kilifika barabarani. Saa ikauzwa, kengele ikalia.

Bosi alipanda jukwaani akamshika Dalali mkono kwa mikono yake miwili, akakawia kuuachia. "Jumamosi ijayo, mzee wangu. Na zinazofuata zote." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Wewe utabeba spika yake."

Dalali alimtazama mkewe pale chini. Hakuandika kitu wala hakubonyeza kitu. Alimrudishia kengele yake kwa mpini, kama mtu anavyorudisha kitu alichoazimwa na mwenye nacho, na Mama Kengele akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake kabla ya kuirudisha mkobani.